Nilikunywa Maji ya Kisima, Nikawaambia Wanakijiji ni ya Kijitoni

Asalaam aleikum admin, na wote mtakaosoma. Naomba jina langu lisionekane. Hata ukihisi unanijua, tafadhali usinitaje kwenye komenti, nina watoto.

Mimi ni mama wa miaka 31, nimeolewa. Kwetu ni Kibiti ila naishi na mume wangu kijiji kimoja cha upande wa Ngarambe, sitakitaja. Juu ya kijiji kuna mgodi. Mume wangu ni dereva huko, na mimi nilipata kazi hapo hapo ya kupima maji ya kijito kinachopita mgodini kuja kwetu. Napima kina na kasi ya maji, natumbukiza kipimo kinachoonyesha kama yana asidi, halafu najaza chupa za kupelekwa maabara Dar. Kijijini wananiheshimu kwa kazi hiyo. Nikipita wananiuliza, "Dada, maji leo vipi?" Nikisema mazuri, wanachota.

Kiangazi hiki kijito kilipungua sana. Maji ya mvua yakishaisha, yanayobaki mengi ni yale yanayotoka kwenye mfereji wa mgodi, na hapo ndipo kipimo kilipoanza kusoma vibaya. Mawe yakashika utando wa rangi ya kutu. Vyura sikuwasikia tena. Nikamwambia bosi wangu. Alinisikiliza vizuri tu, akasema, "Kuanzia sasa pimia juu ya pale mfereji unapoingia kijitoni, siyo chini yake. Na tusiwatie watu hofu. Mgodi ukifungwa, mumeo naye anakosa kazi."

Nikafanya alivyosema. Nilipomweleza mume wangu, akasema, "Sisi tuchote kisimani tu, basi."

Kisima kiko mbali, huko kwenye mikorosho. Tukawa tunachota huko na sikumwambia mtu, hata jirani yangu ambaye nitamwita Mama Shani, siyo jina lake. Huyu siyo jirani wa salamu tu. Nilipojifungua mtoto wa pili nilipata jipu la titi nikashindwa kunyonyesha, na yeye ndiye aliyemnyonyesha mwanangu pamoja na wa kwake. Sisi Waislamu tunajua maana yake, watoto wetu sasa ni ndugu. Siku moja akaniuliza, "Shoga, mbona unajitesa kwenda kisimani na kijito kiko hapa?" Nikamjibu kwamba mama mkwe hapendi chai ya maji ya tope. Akacheka, akajitwika ndoo yake akashuka kijitoni.

Haukupita muda watoto wakaanza kutoka vipele, bata wa watu wakafa. Maneno yakawa mengi mpaka mwenyekiti akaitisha mkutano. Bosi akaja, akanitaka nisimame niwatoe watu wasiwasi. Nikasema maji ni salama. Mzee mmoja akasema, "Kama ni salama, mwanetu ayanywe hapa tumwone."

Wote wakanigeukia. Kwenye mkoba nilikuwa na chupa yangu ya maji ya kunywa, inafanana kabisa na zile ninazojazia kazini. Nikaitoa, nikasema haya nimeyachota kijitoni asubuhi, nikanywa mpaka nusu. Yalikuwa ya kisima. Watu wakapiga makofi, na Mama Shani akasimama akasema, "Mimi niliwaambia. Huyu hawezi kututilia sumu."

Ndugu zangu, hakuna aliyenilazimisha kutoa ile chupa. Bosi mwenyewe alishangaa. Na waliokuwa wameanza kukiogopa kijito, siku ile ile walirudi kuchota.

Mama Shani sasa ni mjamzito. Juzi alikuja kwangu mikono imebabuka kwa kufulia maji yale, akaomba mafuta. Nilipokuwa nampaka nikajikaza, nikamwambia, "Mwenzangu, achana na kijito, twende wote kisimani." Akanitazama usoni. "Kwa nini, na wewe uliyanywa mbele yetu?" Nikasema basi tu, tupate kuongea njiani. Akasema tumbo limekuwa zito, hawezi kwenda mbali.

Mume wangu anasema nikifungua mdomo tutafukuzwa kazi wote wawili, na kijijini hakutakalika. Namwelewa. Lakini kila nikiswali naona aibu hata kuomba dua, maana nitamwomba Mungu awalinde na kitu ambacho mimi mwenyewe nimewaambia wanywe.

Naombeni ushauri wenu, hata wa kunitukana nitausoma. Nimwambie Mama Shani peke yake, nikijua wengine wataendelea kunywa? Au nimwombe mwenyekiti aitishe mkutano tena, nisimame pale pale nilipodanganya? Msikae sana kunijibu. Ndoo zake nimeziona nje, zimekauka, na akiamka atashuka kuchota.