Treni Tatu na Kikombe cha Makaa

Enzi zetu hakukuwa na mtoto wa Musoma aliyewahi kuona treni, na hakukuwa na mtoto wa Musoma asiyejua kuiendesha. Wa rika langu wanakumbuka. Kengele ya mapumziko ikigongwa tunashikana mashati kwa nyuma, mstari mrefu unazunguka uwanja wa shule, wa mbele anapiga honi kwa mdomo, wa mwisho anaburuzwa kwenye vumbi. Magoti yetu yalikuwa na vidonda mwaka mzima, na sikumbuki mzazi aliyempeleka mtoto hospitali kwa ajili ya goti. Ulipakwa mafuta ya taa, ukaambiwa, "Ungetulia usingeanguka," habari ikaishia hapo.

Darasani kulikuwa na ramani ya Tanzania iliyochakaa kwenye mikunjo. Mwalimu alifuata reli kwa fimbo ileile aliyotuchapia: Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Tabora, halafu inapanda mpaka Mwanza na kukomea ziwani. Upande wetu wa Mara haukuwa na kamstari hata kamoja. Treni yenyewe tuliijua kwa picha ya kitabu tu: dude jeusi la chuma, bomba juu, moshi mwingi. Kitabu kimoja tulisoma watano, na mimi ndiye niliyechelewesha wenzangu kila tulipofika ukurasa ule. Nilitaka kujua maji ya kuchemka yanawezaje kusukuma chuma. Nilijua kuwa mfuniko wa sufuria hurukaruka maharage yakichemka, lakini kutoka mfuniko mpaka Tabora niliona ni mbali.

Likizo ya Desemba ilikuwa ya Butiama. Baba yangu alikuwa na duka dogo Musoma mjini, baba mkubwa alikaa Bunda, na dada yao mkubwa, Shangazi Nyamisi, alibaki Butiama na ng'ombe. Shangazi alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ambayo ng'ombe waliigeukia wakiwa mtaa wa pili. Alilima kwa plau lake mwenyewe, na wanaume walikuja kumuuliza ng'ombe yupi anafaa kununuliwa. Kwake tulikula ugali wa mtama na muhogo, mweusi, mzito, kwa maziwa mgando yaliyonukia moshi wa kibuyu. Siku nyingine tulikula furu tuliowabeba kutoka Musoma, wale samaki wadogo wa ziwani wenye miba mingi kuliko nyama. Tuliwala na miba yao. Mtoto wa leo ukimwekea furu mezani anakuuliza kama kuna chipsi.

Mwaka ninaousimulia, Masatu, mtoto wa baba mkubwa, alikuja kutoka Bunda na treni ya mvuke. Naam, ya mvuke kweli. Jirani yao alikuwa fundi baiskeli, na Masatu alichukua pampu iliyokufa akaifunga kwenye kopo la maji lililokaa juu ya makaa. Maji yakichemka, mvuke unaisukuma ile pampu, nayo inasukuma magurudumu ya ndala. Ilitembea hatua chache uani, ikapiga chafya, ikalala. Lakini ilitembea! Sote tulipiga kelele mpaka kuku wakakimbia.

Kesho yake kila mtu alikuwa fundi. Magesa, mtoto wa Shangazi mwenyewe, alichukua galoni ya bati akasema treni yake itakuwa kubwa kuliko zote. Mimi niliomba kopo la oili ya breki kwa utingo wa lori la baba mdogo, nikatoboa tundu dogo la msumari kwenye kifuniko. Mvuke uliotoka pale ulipiga kifeni nilichokata kwenye bati, na kifeni kikazungusha magurudumu kwa mkanda wa mpira wa tyubu. Tundu la kujazia maji nililiziba kwa gunzi. Mvuke ukizidi, gunzi linaruka lenyewe, na ukikaa vibaya linakupata shavuni. Huo ndio ulikuwa usalama wetu wa kazini.

Basi ikawa ubishi kutwa nzima. Ya Masatu ina nguvu, yangu ina mbio, ya Magesa ni kubwa. Baba mdogo Mafuru, mdogo wao wa mwisho, alikuwa dereva wa lori lililopeleka dagaa Mwanza. Alikuja kupumzika kwa dada yake, akachoka na makelele yetu.

"Nyie watoto mnabishanaga tu kama madalali wa mnadani," alisema. "Shindaneni. Mshindi namchukua kwenye lori safari ijayo, akaone treni ya kweli kule Mwanza. Nafasi ni moja."

Kilichonipata pale nakikumbuka mpaka leo. Sikuwahi kutaka kitu kama nilivyoitaka ile nafasi ya lori. Usiniambie watoto hawajui kutamani. Mimi nilitamani mpaka ugali ukanishinda, na Shangazi akadhani nina malaria.

Tatizo lilikuwa kwamba treni yangu ilianza vizuri na kupoa haraka. Upepo wa Butiama unashuka kutoka kwenye mawe ya vilima na kulipiga kopo, na moto wote unakwenda kuota upepo. Jibu nililipata nikiwa nafanya kazi nisiyoipenda. Wakati ule wasichana ndio tuliokandika nyumba: udongo na samadi mbichi ya ng'ombe, unakanyaga kwa miguu, unapaka ukutani kwa kiganja. Wavulana walipita mbali wakiziba pua. Siku ile tulikuwa tukikandika jiko la Shangazi, tulishamaliza ukuta mmoja, nikagundua kwamba upande uliokandikwa ulikuwa na joto la moto wa jana, na upande wenye nyufa ulikuwa wa baridi kama mtungi. Sikusubiri kuambiwa. Nilichota konzi ya udongo na samadi nikaenda kulikandika kopo langu, nikaacha sehemu ya chini tu inayokaa juu ya moto.

Waliponiona! Masatu alikaa chini kwa kucheka, akamwita Magesa kama vijana wa kwetu wanavyoitana.

"Mura, njoo uone! Nyangeta anaendesha treni ya mavi!"

Nilivyo na pupa, niliwasha moto udongo ukiwa mbichi, ukapasuka wote ukaanguka. Wakacheka tena. Shangazi alipita na ndoo kichwani, akasema bila kusimama, "Nyumba ikikandikwa leo huwashi moto leo." Nilikandika upya, safari hii nikaiacha treni ikauke kivulini, nikailinda dhidi ya kuku na dhidi ya Masatu.

Siku ya mashindano reli ilikuwa mianzi iliyopasuliwa, tumeipigilia vigingi kutoka mlango wa jiko mpaka zizini. Majirani walikuja, wengine na vigoda vyao. Masatu alikuwa tayari kwa mbio, lakini Shangazi alitoka na gunia la mtama na kikombe cha bati, akasimama katikati.

"Mbio ni za swala," alisema. "Mimi ng'ombe wangu siwapimagi kwa mbio. Napimaga kwa shamba walilolima na majani waliyokula. Makaa mnayochoma hapa ni yangu, nayapikiaga. Kwa hiyo kila mtu namgawia kikombe kimoja, asiongeze hata kipande. Mtama huu hapa. Pakia, peleka zizini, mwaga, rudisha treni yako kwa mkono, pakia tena. Moto ukizima umemaliza. Mwenye lundo kubwa ndo mshindi."

Kwa Shangazi hakukuwa na rufaa.

Magesa alianza. Galoni yake aliijaza maji mpaka juu akiamini maji mengi ni nguvu nyingi. Tukasubiri. Wazee wakaongea habari za mvua zikaisha, wakaanza za ndama. Maji yalipoanza kulia, makaa yalikuwa yamebaki majivu, na lile dude likasogea urefu wa kiatu. Mtama wake haukutoka mlangoni. Magesa hakununa, alisema maji yale ni moto, anaenda kuogea, na kweli alioga.

Masatu akafuata, na lazima niseme haki: pampu ilikuwa na nguvu. Ilivuta makopo matano ya mtama kwa mkupuo mmoja, ikitembea taratibu kama ng'ombe wa kulima asubuhi, watu wakashangilia. Lakini ngozi ya ndani ya pampu ilishaanza kukauka kwa joto, na mvuke ukavuja pembeni ukipiga miluzi. Safari ya pili ilivuta kwa kuhema. Ya tatu ilisimama katikati, na kopo likawa halina maji. Lundo lake lilikuwa zuri hata hivyo.

Yangu haikuweza kuvuta zaidi ya makopo mawili. Ilikwenda, nikamwaga, nikarudisha. Ikaenda tena. Harufu ya samadi iliyopata moto ikatanda uani, na kuna mama aliyejifunika pua kwa kanga. Ikaenda tena, na tena, mpaka nikapoteza hesabu. Makaa yalipoanza kuvaa majivu nilijua mwisho umefika, nikapakia hivyohivyo. Treni ikaenda. Udongo ulikuwa umeshika joto kama ukuta wa jiko, na maji yakaendelea kuchemka moto ukiwa karibu umekufa. Masatu aliacha kucheka. Alianza kutembea pembeni ya treni yangu, ameinama, anaisindikiza kwa macho, na safari ya mwisho ndiye aliyepiga kelele kuliko mimi: "Vuta, vuta, vuta!" Ikavuta. Malundo mawili hayakuhitaji mzani. Hata kuku walikimbilia la kwangu.

Nililia kwa furaha mbele za watu na sikuona haya. Lakini baba mdogo alikuwa anajikuna kichwa.

"Sasa hii nayo," alisema. "Mimi nilifikiri atashinda mvulana. Safari ya dagaa mtoto wa kike ataiweza wapi? Tunalalaga njiani, gari linaharibikaga. Nyangeta, mwanangu, nitakuletea gauni zuri sana kutoka Mwanza."

"Sitaki gauni," nilisema. Mtoto wa zamani hakumjibu mkubwa hivyo, na nikasubiri kofi.

Badala ya kofi nikasikia sauti ya Shangazi. "Mafuru. Wewe mdogo wangu, nimekubeba mgongoni mpaka umeota meno. Ulisema mshindi, hukusema mvulana. Umetoa neno mbele ya majirani, na hawa wote wamesikia."

"Lakini dada, nani atamwangalia njiani?"

"Mimi."

Siku ya safari alitoka ndani amevaa gauni la kanisani na viatu vya kufunga, mkoba mkononi. Ndipo nilipoelewa kwamba na yeye alikuwa hajawahi kuiona. Mwanamke mzima, anaogopwa na mafahali, na tangu siku ya mtama alikuwa amenyamaza na hamu yake. Utingo alipandishwa juu ya magunia ya dagaa, Shangazi akakaa mbele, nami nikapakatwa kutoka Butiama, tukapita Bunda, mpaka Mwanza. Miguu iliniisha nguvu kwa ganzi, nikanyamaza, nisije nikashushwa.

Treni ilikuwa imesimama stesheni. Haikuwa na moshi, haikuwa na makaa. Ilikuwa imepakwa rangi na ilinguruma kwa ndani kama mashine ya kusaga. Ningevunjika moyo kama si ukubwa wake. Shangazi aliizunguka kama anavyozunguka fahali wa mnadani, akaipapasa ubavuni, akamgeukia mfanyakazi mmoja wa reli.

"Mwanangu, huyu anakula nini?"

"Dizeli, mama."

"Na akishiba, mzigo wake anaufikisha wapi?"

"Dar es Salaam, mama."

Shangazi akaangalia yale mabehewa, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho. Honi ikalia, ardhi ikatetemeka chini ya viatu vyake vya kanisani, na treni ikaanza kuondoka. Alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukauma. "Nyangeta," alisema, "umenileta mbali." Kwangu hiyo inabaki kuwa cheti kikubwa kuliko vyote nilivyopata baadaye, na leo nina karakana yangu hapa Musoma, natengeneza mashine za kusaga, na wanaume wananiita fundi.

Shangazi tumeshamzika. Reli bado haijafika kwetu. Juzi mtoto wa kaka yangu alikuwa amelala kwenye kochi na simu, nikaona kwenye video wazee wa Ulaya wenye mvi wameinama juu ya vitreni vya mvuke, wanapima makaa kwa mizani kuona kipi kitavuta zaidi. Nilikaribia kuidondosha chai. Nikamwambia kile kitreni cha kijani kinapoteza mvuke, na hayo yote sisi tulishayafanya Butiama. Akacheka. "Shangazi, kwani mlikuwa na intaneti?" Kabla sijamaliza kumjibu alikuwa ameshahamia video nyingine. Kijana huyuhuyu alipanda ile treni mpya ya umeme kutoka Dar kwenda Dodoma. Nilipomuuliza ikoje, aliniambia, "Iko poa tu," kisha akakiri kwamba alilala njia nzima.

Simlaumu. Treni zote za dunia anazo kiganjani, anaziona akitaka, anazifuta akichoka. Sisi, ili tuione moja, ilibidi kwanza tuitengeneze.