Jipu Lililotobolewa Nyumbani

Juzi, kwenye dirisha la malipo la hospitali moja hapa Bariadi, mkulima kutoka Bukundi alisimama akimshikilia mkewe. Jipu la pajani mwa mkewe alikuwa ameshalitoboa nyumbani, kwa sindano ya kushonea magunia ya pamba.

"Limeshapasuka," alisema karani, kidole kikishuka kwenye orodha ya namba za matibabu na bei zake, iliyokuja na utaratibu wa wagonjwa kuchangia gharama. "Hiki sasa ni kidonda. Kwenye namba ya kidonda, malipo ya ganzi hayamo."

"Mayu," mkulima alimwita karani kwa Kisukuma, yaani mama, "usaha bado umo ndani. Si watamkata?"

"Watamkata, baba. Ila kwa namba ya kidonda."

Mkewe akaingizwa chumba cha pili, na sisi wa kwenye foleni tulimsikia akilia kupitia ukuta. Karani aliweka kalamu chini mpaka mama yule aliponyamaza. Nilitaka kumlaumu karani, nikashindwa. Orodha hakuiandika yeye, na walioiandika hawakai karibu na ukuta ule.