Injini ya Pikapu Ndani ya Lori

"Mama, eti ni kweli mdogo wako aliiba pistoni za lori la tajiri?"

Jirani yangu mshonaji aliniuliza hivyo huku akinipima mabega. Mungu anisamehe, nilitoka bila kumaliza kupimwa.

Huyo mdogo wangu ni fundi wa injini za dizeli, mwaka wa ishirini na nane sasa. Gereji wanamwita Taratibu, maana hafungi nati bila kuifuta kwanza. Kila kifaa kichakavu anachokitoa hukifunga kwenye tambara na kumkabidhi mwenye gari, kesho lisije likazuka neno. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeitwa mwizi.

Ilikuwa hivi. Injini ya lori la tajiri mmoja mbeba kokoto ilikufa. Akanunua nyingine iliyotolewa kwenye pikapu. Ni za ukoo mmoja, silinda sita. Ukiziweka pamoja utasema mapacha.

"Tajiri, hii tusiifunge," Taratibu akamwambia. "Ya pikapu imetengenezwa ikimbie, nguvu nyingi kwa muda mfupi. Ya lori wameipunguza nguvu kiwandani kwa makusudi, na pistoni zake ni ngumu zaidi, ili ivute mzigo kutwa nzima."

Tajiri akacheka. "Yaani yenye nguvu nyingi ndiyo dhaifu? Fundi, hata hesabu hujui."

"Sungura anamshinda punda mbio. Lakini gunia humbebeshi sungura."

"Basi nifungie sungura wangu."

Akamfungia, akamsihi apakie nusu mzigo tu. Thubutu. Mwezi wa pili haujaisha, lori likakwama kwenye mlima linafuka moshi, kokoto zimefurika hadi juu ya mbao.

Badala ya kujilaumu, yule bwana alikwenda kusimama katikati ya soko, akatangaza kuwa Taratibu alizitoa pistoni za kiwandani, akaziuza, akaweka za bandia. Wiki hiyohiyo wenye magari matatu wakayaondoa gereji. Mwana wa mama yangu akawa anashinda amekaa juu ya tairi, mikono safi. Nilitaka kwenda kumsema huyo tajiri mlangoni kwake.

"Dada, tusi halifungui injini," akanizuia.

Akamwita tajiri, akamwita na fundi mzee wa gereji nyingine aje kuifungua yeye. Nilikuwepo, kanga begani, nasali moyoni. Mzee aliinamia bolti za silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu, akazipangusa.

"Rangi ya kiwanda bado iko juu ya bolti zote," akasema. "Hapa spana haijawahi kupita. Sasa bwana, hizo pistoni aliziibaje? Alizivuta kwa mdomo?"

Watu wakacheka. Akafungua. Pistoni mbili zilikuwa zimeyeyuka kichwani kama mshumaa, na muhuri wa kiwanda ungali unasomeka.

Tajiri akamsogelea mdogo wangu sikioni. "Basi yaishe, fundi. Nitakuletea na lori langu la pili."

Kumchafua mtu kwa sauti ya mnada, kisha kutubu kwa mnong'ono, hiyo ni toba gani?

Taratibu alifuta mikono, akamtazama usoni.

"Lori la pili sina haja nalo. Naomba uende sokoni, usimame palepale uliposimama, uwaambie watu walewale kwamba mimi si mwizi."