Pedali Zilizoninasa Barabara ya Misungwi

Nikimwona mtu dukani anazigeuzageuza zile pedali za kunasa huku muuzaji anazisifia, najizuia kwa shida nisimpokonye. Hela si zangu na miguu si yangu, najua. Lakini hasira hunipanda palepale, na wanangu wamezoea kunivuta mkono tuondoke kabla sijafungua mdomo.

Kwa asiyezijua: ni pedali ndogo, hazina hata pa kuweka kiatu cha kawaida. Unanunua na viatu vyake, vyenye kichuma chini ya soli. Ukikanyaga, kichuma kinaingia kwenye pedali, kinalia ta! na umenasa. Ukitaka kutoka unazungusha kisigino kwa nje, kwa nguvu, na kama una bahati kinaachia. Pedali bapa ni hizi tunazozijua sote. Unaweka mguu, unatoa mguu, hakuna anayekufundisha.

Mimi ni muuguzi, nakaa Igoma, na nilianza baiskeli ukubwani kwa sababu ya goti. Kutembea kuliniuma, baiskeli haikuniuma. Mguu wangu wa kulia umeelekea nje tangu nizaliwe. Mama yangu kule Kagera alikuwa akisema natembea kama bata. Juu ya pedali bapa mguu huo ulijitafutia mahali pake wenyewe, ukaelekea unakotaka, na goti likanyamaza. Nilikuwa natoka nyumbani asubuhi nikafika kwa mama mkwe, upande wa Misungwi, bado nina nguvu ya kupepeta naye mchele.

Huyo mama mkwe sikumpata kirahisi. Kwa miaka mingi nilikuwa "yule Mhaya" aliyeletwa na mwanawe. Hakunitukana, chakula alinipa, ila alizungumza nami kama na mgeni aliyeachwa na basi. Siku ya kwanza nilipotokea kwake na baiskeli, nimevaa suruali, nikasema sasa nimejimaliza. Kumbe mama yule alikuwa akiangalia jambo moja tu. Kwao, ukikutana na mkubwa njiani ukiwa juu ya baiskeli, unashuka. Unasimama chini, unasalimia, mnajuliana hali, ndipo unapanda tena. Kumwamkia mtu mzima ukiwa umekaa juu ya tandiko ni kumdharau, na kuwapita waliofiwa bila kushuka ni jambo ambalo watu hawalisahau. Mimi nilishuka kwa kila mtu. Nilishuka hata kwa wazee waliokuwa mbali mashambani, ambao pengine hawakuniona. Basi siku moja nikamsikia anamwambia jirani yake, "Mkwe wangu anashuka." Mkwe wangu! Nilirudi Igoma naimba barabara nzima.

Sasa nani alinituma nijiunge na kundi la waendesha baiskeli wa Jumamosi? Nilitaka wenzangu wa safari, basi. Mwenyekiti wetu alikuwa kijana wa ofisini, nguo za kubana, miwani ya rangi ya machungwa, na hakuweza kuona pedali bapa bila kukunja uso.

"Mama, unajitesa bure," aliniambia. "Ukinasa, mguu unasukuma na kuvuta. Ni raha tupu. Hutachoka."

Nilimweleza kwamba mguu wangu umekaa upande. Akasema mguu utazoea. Mguu wa mwanamke aliyezaa watoto watatu, uliosimama wodini usiku na mchana, ati utazoea! Sijui kwa nini nilimsikiliza. Baadaye akatangaza kwamba safari ndefu hakuna pedali bapa, maana wenye pedali bapa wanachelewesha msafara. Sikuwahi kumchelewesha mtu. Lakini wenzangu wote walitikisa kichwa kukubali, nami nikazinunua. Nikajifunza kutoka nikiwa nimeegemea ukuta wa nyumba yangu, na pale ukutani zilitoka vizuri sana.

Jumamosi ile tulikutana Buhongwa, tukashika barabara ya Misungwi. Hiyo raha niliitafuta. Kabla hatujafika Usagara vidole vilikuwa vimekufa ganzi, kidole cha mwisho kinawaka moto, na goti, kwa kuwa mguu umefungwa kuelekea mbele kama wa askari wa gwaride, likaanza kuuma kwa ndani. Nilimwambia mwenyekiti. Akanijibu bila kugeuka kwamba tandiko langu liko chini mno.

Siku mbili kabla, mama mkwe alikuwa amenipigia simu. Jirani yake alikuwa amefiwa na bintiye. Nilimwambia Jumamosi nina safari, nitakuja Jumapili, nimevaa kama mtu anayekwenda msibani. Sikufikiri kwamba tungekutana njiani.

Tulikuwa tunapanda kimlima, wenzangu mbele na nyuma yangu wamebanana, nikaona kundi la kinamama wanakuja kwa miguu ukingoni mwa barabara. Wamejifunga kanga, wanatembea polepole, wanatoka makaburini. Katikati yuko mfiwa, amelegea, na aliyemshika mkono ni mama mkwe wangu. Akainua uso. Tukatazamana.

Nikazungusha kisigino cha kulia. Hakikutoka. Nikazungusha tena, goti likanichoma hadi kiunoni. Nikainama kuangalia kile kichuma, nikajaribu mguu wa kushoto, na nyuma yangu mwenyekiti anapiga kelele, "Usisimame, mama! Kanyaga! Kanyaga!" Ningeanguka, wangeniparamia wote. Mdomo niliufungua, shikamoo haikutoka. Nikakanyaga. Niliwapita wale kinamama na mfiwa wao nikiwa nimekaa juu, baiskeli inalia kwa mwendo, nikiwa nimevaa fulana ya kijani inayong'aa.

Juu ya kimlima nikakumbatia nguzo ya kibao cha barabarani, hapo ndipo mguu ukaachia. Nikashuka nirudi. Kila hatua vile vichuma vinagonga lami, ko, ko, ko, ninateleza. Nilipofika pale walikuwa wameshaingia kwenye njia ya majumbani. Kuwafuata sikuweza. Huingii msibani na suruali ya kubana na viatu vinavyogonga.

Mwenyekiti akarudi kunitafuta. Nilidhani anakuja kuniuliza nina nini.

"Mama, umevunja msafara," akasema.

Nikamweleza. Yule ni mama mkwe wangu, yule aliyeshikwa amemzika binti yake. Akavua miwani, akaifuta.

"Ungepunga mkono tu. Watu siku hizi wanaelewa."

Nani anaelewa? Nani? Niambie ni mama gani anayetoka kumfukia mwanawe anayeelewa kupungiwa mkono na mtu anayepita mbio! Nilimwambia hayo na mengine ambayo siyaandiki. Nilimwambia pedali ambayo haimruhusu mtu kuweka mguu chini anapotaka si ya raha, ni ya kumfunga. Akasema ninachanganya michezo na mila. Nikavua vile viatu vya kunasa nikavitundika kwenye usukani, nikasimama pekupeku hadi nikapata pikapu iliyobeba matikiti, wakanipandisha mimi na baiskeli.

Jioni hiyo nilizirudisha pedali bapa kwa mikono yangu, spana inateleza kwa hasira. Mume wangu alisema labda nimpigie mama simu kwanza. Nikamwambia mambo ya kutoshuka hayamalizwi kwa simu.

Jumapili nilikwenda. Nilishuka mbali kabisa, nikasukuma baiskeli hadi uani, nikajifunga kanga, nikapiga goti lile lile linalouma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alikuwa anachambua maharage na hakuacha. "Umeamkaje?"

"Salama, mama."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilikuwa na maelezo ya pedali, ya kichuma, ya kisigino, ya wale waliokuwa nyuma yangu. Nilitaka anikasirikie ili nianze kuyatoa. Akatikisa ungo, akapuliza makapi.

"Wameniuliza wote jana," alisema. "'Yule si mkwe wako?' Nimewaambia ni yeye, ila hakutuona. Macho yake yalikuwa chini."

Ningeishia hapo ningeondoka salama. Maneno yalikuwa tayari, na yeye ndiye aliyenitengenezea. Lakini nilikuwa nimepiga goti mbele yake, na nilikuwa nimechoka kufungwa.

"Niliwaona, mama."

"Najua," akasema. "Ulinitazama usoni."

Akaweka ungo chini, akavaa kandambili zake, akaniambia baiskeli niiache pale pale, tunakwenda kwa mfiwa kwa miguu.