Upande wa Kulia ni wa Mama Watoto

Mvua ya asubuhi imekatika, na Polepole amepiga magoti ndani ya mashua yake akipiga msasa ubao ambao, kwa macho ya mtu mwingine yeyote, ulishakuwa laini tangu jana. Anapitisha kiganja. Hatosheki. Anainama na kuuwekea shavu, kama mtu anayejaribu mto dukani.

"Hapa ndipo atakapoegemea kichwa," anasema bila kuinua macho. "Nikiacha kijibanzi kimoja tu, atanisema mpaka turudi."

Mvuvi huyu mwenye umri wa miaka hamsini na minane hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na wenzake wa hapa ufukoni, ambao wamemngoja mara nyingi wakiwa wameshawasha injini, huku yeye akikunja kamba yake kana kwamba anaiandaa kwa ajili ya harusi. Amelizoea. Ukimwita jina lake halisi, huenda asigeuke.

Mashua imelazwa juu ya magogo, kati ya karakana ya fundi wa mashua na ukuta wa ghala la barafu. Ni chombo kikuukuu ambacho Polepole na mkewe walikinunua kikiwa tayari kimechoka. Kimezibwa nyufa kwa pamba mara nyingi hata fundi hutania kwamba siku hizi ni pamba nyingi kuliko mbao.

Miaka yote hiyo kilikuwa wazi kuanzia mbele hadi nyuma. Mvua ikinyesha, waliokuwemo walilowa. Jua likiwaka, waliungua. Nyavu zilirundikwa miguuni, samaki walikaa kwenye kreti chini ya turubai lililotoboka, na chakula cha mchana kilifungwa kwenye mfuko wa plastiki na kuombewa dua.

Sasa kina kibanda. Kuta zake ni za plaiwudi nene iliyopakwa rangi mara tatu, na paa limeinamishwa kidogo ili maji yamwagike nje. Ndani, upande wa kushoto, Polepole ametengeneza masanduku matatu ya kuhifadhia vitu: moja la nyavu, moja la barafu na samaki, na moja la nanga, kamba na dumu la mafuta. Vifuniko vyake vina bawaba, na kila kimoja kimezungushiwa mpira wa tairi ili maji yasipenye.

Upande wa kulia hakuna sanduku lolote. Kuna benchi la mtu mmoja, na dirisha.

"Huo upande ni wa mama watoto," anasema Polepole, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaacha kupiga msasa.

Kwa zaidi ya miaka ishirini wawili hao walivua pamoja. Yeye alishika usukani, mkewe akakaa upande wa kulia, akatupa maboya, akavuta nyavu na kuongea. Hasa kuongea. Aliongea na mumewe, na wavuvi waliopita, na ndege, na samaki waliochelewa kunaswa. Polepole anakiri kwamba zamani alikuwa akiomba walau dakika moja ya kimya.

"Nimekipata hicho kimya," anasema. "Sikitaki."

Misimu minne iliyopita, baada ya juma zima la mvua na upepo, mkewe alianza kukohoa. Walidhani ni mafua. Yalikuwa mapafu. Akalazwa, akatoka, akarudi majini mapema kuliko alivyoambiwa, akalazwa tena. Mara ya pili daktari hakumung'unya maneno: kulowa basi, upepo wa kifuani basi.

Lakini hakumkataza mashua. Polepole ana hakika na hilo, kwa sababu alimuuliza mara mbili, na mara ya pili daktari alianza kukasirika. Alimkataza kulowa. Tangu siku hiyo mvuvi huyu amekuwa akifikiria mbao.

Maisha ya peke yake majini hayajamwendea vizuri. Walipokuwa wawili, siku njema walirudi na kreti nne. Sasa akirudi na mbili anashukuru, kwa sababu hawezi kuvuta nyavu ndefu na kushika usukani kwa wakati mmoja. Kibanda nacho kimemeza mauzo ya karibu miezi mitatu, na nyumbani wamefunga mkanda kwelikweli.

Amewahi kuchukua vibarua. Hakuna aliyedumu.

"Kuvuta wanavuta vizuri tu," anasema. "Lakini tukimaliza kuvuta, wanaangalia simu. Namwambia mtu, umeona lile wingu? Ananiambia, mtandao unasema hakuna mvua. Tunalowa wote wawili, yeye na mtandao wake."

Kulikuwa na tatizo jingine pia. Mashua ilishazoea watu wawili. Bila mkewe, ilielemea upande na kuyumba kila Polepole aliposogea. Akaweka gunia la mchanga pale mkewe alipokuwa akikaa. Wenzake hawakumwachia hapo. Walilipa gunia jina la Bi Mdogo, wakawa wanalisalimia kila asubuhi kwa heshima zote, na kumuuliza Polepole kama bibie amelala salama.

Habari zikamfikia mwenyewe nyumbani.

"Niliambiwa nimeletewa mke mwenzangu," anasema mkewe, akicheka mpaka kikohozi kinamkatiza. Anasubiri kipite, anajifuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Nikauliza, anapika? Wakasema hapana. Anaongea? Hapana. Nikasema basi huyo ndiye anayemfaa."

Nyumba yao iko mwendo mfupi kutoka ufukoni: vyumba viwili, jiko la nyuma na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Maji hayaonekani, ila yanasikika. Mama huyu hukaa kwenye kigoda mlangoni akishona nyavu ambazo mumewe humletea, na husikiliza injini zikiondoka moja baada ya nyingine. Ya mumewe anaijua. Hukwamakwama kabla ya kuwaka.

"Inakohoa kuliko mimi," anasema.

Halafu uso unabadilika. Anaushika wavu mapajani, anauvuta hadi puani na kuunusa bila kuona haya.

"Watu wanadhani nimekumbuka pesa, au samaki. Mimi nimekumbuka ile saa tumeshatupa nyavu, hakuna kazi, tumekaa tu. Pale ndipo nilipokuwa naishi. Huku ninangoja. Akirudi namuuliza, leo maji yalikuwaje? Ananiambia, yalikuwa maji. Umemwona nani? Watu. Sasa mume gani huyu? Unabaki na njaa ya habari."

Aliyekuwa hataki kabisa mpango huu wa kumrudisha mama majini ni binti yao mkubwa, anayeuza samaki kwenye soko la karibu. Ndiye aliyelala sakafuni wodini, chini ya kitanda cha mama yake, mara zote mbili.

"Baba anamtamani mama majini, na mama anayatamani maji. Mimi namtaka mama," anasema. "Kibanda kizuri, sikatai. Lakini kibanda si daktari."

Huko karakana, fundi wa mashua alikuwa na wasiwasi wa aina nyingine. Yeye alisaidia kusimamisha kuta na paa, lakini masanduku yalikuwa ya Polepole mwenyewe. Alipoona yote matatu yamepangwa kushoto, alishika kiuno.

"Nikamwambia, bwana, mzigo wote umeutia upande mmoja. Ukishusha majini itakulalia. Gawanya. Weka sanduku moja huku kulia, chini ya benchi. Akaniambia, huku kulia kutakuwa na mtu. Nikamwambia, na siku mtu hayupo? Akanipa kisogo, akaendelea na randa yake."

Kwa maneno mengine, Polepole alitengeneza mashua isiyoweza kwenda sawa bila mkewe. Fundi anaapa kwamba mzee huyo alijua anachofanya. Polepole mwenyewe, akiulizwa, anatazama pembeni na kusema masanduku yameenea vizuri kushoto.

Siku ya kuishusha, jua limetoka na upepo umetulia. Watu kumi hivi wanaisukuma juu ya magogo, wengi wao wakiwa walewale waliomsalimia Bi Mdogo. Mashua inaingia majini, inatikisika, inatulia. Kisha, taratibu, inalala kushoto, kama fundi alivyosema.

"Inamngoja mwenyewe," anasema Polepole, na hakuna anayemtania.

Mkewe anakuja kwa miguu, binti yake akiwa amemshika mkono. Amevaa sweta juu ya gauni na kujifunga kanga ya pili mabegani. Anapofika kwenye gati, ambako mashua imefungwa kamba, anasimama kupumua, na watu wanajifanya wanatazama kwingine. Kisha anauachia mkono wa binti, anashika ukingo wa mashua, anaingia. Mguu wake unaijua njia. Anainama mlangoni mwa kibanda, anakaa kwenye benchi, anaegemeza kichwa kwenye ubao.

Mashua inainuka. Polepole amesimama nyuma, mkono kwenye usukani, macho kwenye mstari wa rangi unaopaswa kulingana na maji. Mstari unapanda, unapanda, halafu unasimama.

Haujafika. Mashua bado imelalia kushoto, kwa upana wa vidole vitatu.

Fundi anatazama mstari, anamtazama Polepole, anatazama miguu yake mwenyewe. Polepole anafungua kifuniko cha sanduku la nyavu na kukifunga tena, bila sababu.

"Mbona imelala?" inauliza sauti kutoka dirishani.

Mkono unagonga plaiwudi kutoka ndani.

"Baba watoto. Si nimekaa? Mbona imelala?"

"Hesabu," anasema Polepole. "Nimekosea hesabu kidogo."

Hakukosea. Alipanga mzigo wa kushoto akiupima kwa mchanga, akiongeza na kupunguza, mpaka ukalingana na uzito wa mkewe. Ila uzito alioutumia ni ule wa zamani, wa mwanamke aliyekuwa akiruka ndani ya mashua na kuifanya ipige maji. Tangu alazwe, mama huyu amepungua karibu kilo ishirini. Mumewe amemwona akipungua siku baada ya siku. Amemtobolea mkanda matundu mapya. Bado, alipokaa chini na kupanga masanduku yake, mke aliyekuwa kichwani mwake hakuwa amepungua hata kidogo.

"Nilijua," atasema baadaye, akivitazama viganja vyake. "Macho yalijua. Mikono haikujua."

Ndani ya kibanda, mama anatazama mapaja yake, kisha mkono wake mmoja unashika mwingine penye kifundo, na vidole vinakutana na kupitana. Ameshaelewa.

"Ulimpimia yule mwingine," anasema. "Mimi wa zamani."

"Mama, shuka," anasema binti kutoka kwenye gati. Haongei kwa ukali, analia. "Unaona? Hata mashua yenyewe imekataa. Shuka twende nyumbani, utajaribu msimu mwingine."

Hapo ndipo siku nzima iliponing'inia. Kama angeshuka, wote pale walijua, asingepanda tena. Polepole alikuwa ameshauacha usukani, ameshanyoosha mkono wa kumsaidia kutoka, kwa sababu hakuwa na uso wa kumwomba abaki.

Mkewe hakuushika ule mkono.

"Nanga iko wapi?" anauliza.

"Kushoto. Sanduku la nyuma."

"Ilete. Na mnyororo wake."

"Mama watoto..."

"Ilete, iweke hapa chini ya miguu yangu. Au unangoja nije niibebe?"

Polepole anafungua sanduku. Anatoa nanga na mnyororo, anavibeba kifuani, anapiga magoti mbele ya mkewe kwenye kile kibanda chembamba na kuvisukuma chini ya benchi. Kitu kilichotoka kushoto kikaingia kulia huhesabiwa mara mbili, kila mvuvi anajua. Mashua inajiinua, mstari wa rangi unagusa maji kwa urefu wake wote, na fundi anashusha pumzi kwa sauti mpaka watu wanamgeukia.

Kwa sasa mpango ni huu, na binti ameukubali akiwa amenuna: siku za jua tu, mara mbili kwa wiki, ndani ya ghuba, sweta juu. Akikohoa, wanageuza. Polepole amemwekea pia mlango wa turubai unaoshuka upepo ukianza, na anafikiria kuongeza dirisha la pili ili mkewe aone maboya bila kugeuza shingo.

Lakini mama ana lake. Anapoulizwa anachokitamani zaidi, hataji samaki, wala kreti nne, wala yale maji ya mbali ambako nchi kavu haionekani, ingawa ni wazi kwamba ameyakumbuka. Anagonga benchi kwa kisigino, na chuma kinaitikia chini yake.

"Hiki chuma kinanisaidia kuwa mimi," anasema. "Si kibaya, nakishukuru. Ila nitakula, nitatembea, nitameza dawa zao zote. Nataka siku moja nikae hapa, huyu mzee aitoe nanga airudishe kushoto, na mashua isilale."

Kisha anamgeukia mumewe na kumwambia afungue kamba.