Jogoo Aliyebeba Dhambi za Makhluf

Makhluf Azuelos, fundi makochi wa Tiberia, hakuwa na jambo asilolitolea mahubiri. Nyundo ikimpiga kidole, alikukumbusha kuwa hata Yakobo alichechemea. Mkewe Perla akiunguza kuskusi, alisimuliwa Sodoma na Gomora. Wateja walifuata viti vyao, wakarudi nyumbani na Mambo ya Walawi.

Mwaka huo, siku ya kuamkia mfungo wa Upatanisho, alileta jogoo mweupe mnene wa kuzungushwa mara tatu juu ya kichwa chake kama ilivyo desturi, abebe dhambi zake kisha aende kwa mchinjaji. Perla alikwisha kubandika sufuria ya supu, mlo wa mwisho kabla mfungo haujaanza jua likizama.

"Mshike miguu vizuri, bwana."

"Unanifundisha mimi? Ibrahimu alimfunga Isaka bila kuelekezwa na Sara!"

"Ndiyo, na Isaka hakuchinjwa."

Akamzungusha mara ya kwanza. "Huyu ni badala yangu." Akamzungusha ya pili. Kabla ya ya tatu, funzo likamjia, akainua mkono kuonyesha mbinguni. Kumbe ndio mkono ulioshika jogoo. Jogoo akamchapa mabawa usoni, akamnyea kofia, akaruka ukuta.

"Mkamateni! Ana dhambi zangu!" Makhluf alipiga kelele akitimua mbio mtaani.

"Zote?" akauliza Hanania muuza samaki. "Ndiyo maana anayumba, maskini!"

Jogoo akaingia sinagogi, akapanda meza ya kusomea Torati, akawika. Wazee waliokuwa wakisali wakaangua kicheko. Makhluf akamdaka, akihema.

"Rabi Shabtai, huyu ni Yona! Katumwa, kakimbia!"

"Kumbe wewe ndiye samaki wa kummeza," rabi akasema. "Haya, hodari wa maandiko, Mungu alimwambiaje Yona mwishoni?"

Makhluf akavuta pumzi. "'Nami, je, nisiuhurumie Ninawi, mji ule mkubwa, wenye watu wasioweza kupambanua mkono wa kulia na wa kushoto…'"

"Malizia."

"'…na wanyama wengi pia.'"

Chini ya kiganja chake moyo wa jogoo ulikuwa ukidunda kama cherehani. Ilikuwa mara ya kwanza mstari wa maandiko kumgeukia yeye, akaona haya.

"Toa sadaka kwa maskini, inatosha," rabi akasema kwa upole. "Dhambi zako zibebe mwenyewe, una mabega."

Akarudi nyumbani, jogoo kwapani.

"Vipi, mbona mzima?" Perla akauliza.

"Amesamehewa."

"Na supu?"

"Ya karoti."

Perla akaweka mwiko chini. "Aliyesamehewa ni yeye. Wewe bado."

Makhluf akavua ile kofia yenye uchafu. "Nisamehe, mke wangu. Nakuchosha kwa maneno."

Perla akasubiri Musa atokee, au Nuhu, au angalau punda wa Balaamu. Hakutokea mtu. Akamtazama mumewe kwa wasiwasi, akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

"Nimekusamehe. Njoo umenye karoti, jua halitusubiri."