Siku Tulipounda Serikali ya Kahawa

Mimi ni mwalimu wa uraia, na kwa miaka mingi nimewachosha wanafunzi kwa somo la serikali za mseto: chama kikikosa nusu ya viti, hakina budi kutafuta wenzake. Nililijua ubaoni tu, hadi kikundi cha kahawa cha wanawake wa kwetu Itaka kilipofanya uchaguzi.

Kosa letu lilikuwa kuuweka uchaguzi siku ya kuchuma. Kahawa mbivu lazima imenywe maganda kwa mashine ya kikundi siku hiyohiyo, isije ikachacha, na ufunguo wa mashine hushikwa na mwenyekiti tu. Mwenyekiti wa zamani akauweka mezani, akaaga. Madebe ya kahawa yakabaki juani.

Wanawake walipanga mstari nyuma ya wagombea. Nyuma ya mama yangu, kumi na mmoja. Nyuma ya shangazi, dada yake baba, tisa. Nyuma ya mama mmoja wa bondeni, watano. Katiba ya kikundi inataka zaidi ya nusu. Mama aliutaka uenyekiti ule kuliko chochote, lakini asingemwomba shangazi hata kijinga cha moto. Tangu ugomvi wa mpaka wa shamba hawakuwa wakisemeshana.

Nikasimama kueleza habari za mseto.

"Mwalimu, darasa baadaye," mama akanikata. "Kahawa inachacha!"

Yule wa bondeni alikuwa ametulia zake, anatabasamu. Akatoa masharti: mashine ihamie kwake, karibu na maji, na kati ya mama na shangazi, atakayekuwa mwenyekiti amchukue mwenzake awe katibu.

"Nyie mawifi mmetuchosha," alisema. "Sisi tunawataka wote wawili."

Nilicheka hadi mama akanikazia macho. Mashine ilikaa barazani kwetu, na aliipangusa kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani. Akayatazama madebe. Akamtazama shangazi, naye akatazama kando.

"Haya," mama akasema. "Ihame."

Watano wale wakahamia mstari wetu, vigelegele vikapigwa. Mama akachukua ufunguo wa mashine iliyokuwa inaondoka kwake. Wanawake wanne wakaibeba kwenda bondeni, sisi tukafuata na kahawa. Debe la mama lilikuwa zito. Nilimkimbilia nimsaidie, akanipungia mkono nisimame.

"Wifi," akaita kwa sauti ndogo, "nitwike."

Shangazi akaliweka chini daftari lake jipya la ukatibu, akamtwika.